Habari za Kompyuta za Nyumbani za Uingereza na Watu Wazihifadhio

Mtu aliyezoea kulinganisha nuskha za hati za kale hujua kuwa kosa la mnakili aghalabu lina faida kuliko usahihi wake. Nuskha mbili zipatanazo katika maneno sahihi hazisemi kitu juu ya nasaba yao, kwa kuwa kila mnakili mwangalifu huweza kulifikia neno sahihi kwa njia yake mwenyewe. Lakini nuskha mbili zilizokosea neno lile lile, mahali pale pale, yamkini sana zilitoka kwa mzazi mmoja. Elimu hii ni kongwe, wala wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufundishwa. Naitaja kwa sababu nimeikuta ikitumiwa mahali nisipopatazamia: katika vyumba vya watu wakusanyao na kutengeneza kompyuta za nyumbani zilizouzwa Uingereza katika miaka ya 1980. Wengi wa watu hawa hawajapata kushika hati ya kale maishani mwao. Washikacho ni bisibisi na chuma cha kulehemu. Walakini maswali waulizanayo juu ya mashine zao ni yale yale tuulizanayo sisi juu ya tenzi: ipi iliyo ya kwanza, ipi iliyosahihishwa, nani aliyesahihisha, na je, alikuwa na haki ya kusahihisha?

Niseme neno kwanza juu ya jina. Katika Kiswahili chombo hiki kimepewa majina zaidi ya moja. Wako wasemao tarakilishi, wako waliotaka kiitwe ngamizi, na walio wengi husema kompyuta. Shauri hilo si la leo. Nitasema kompyuta, na kwa kompyuta ya nyumbani nitakusudia mashine ndogo iliyonunuliwa na mtu kwa fedha zake, ikaunganishwa na televisheni ya jamaa sebuleni, na ambayo mara iwashwapo huwa tayari kupokea amri kwa lugha iitwayo BASIC. Lugha hiyo ilitungwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na ilianza kutumika mwezi wa Mei mwaka 1964. Nia yao ilikuwa kuwawezesha wanafunzi wasiosoma sayansi kuitumia kompyuta bila ya kupitia kwa mafundi waliokuwa wakiilinda kama makuhani. Jambo hili lina maana katika habari yetu. Mashine za siku hizi humpokea mtu kwa picha. Zile zilimpokea kwa lugha, na aliyeinunua hakuwa na budi kusema nayo.

Mwaka 1977 zilitokea Marekani mashine tatu zilizofungua njia, yaani Apple II, Commodore PET na TRS-80, lakini bei zake zilikuwa za watu wenye nafasi. Huko Uingereza aliyefungua mlango ni Clive Sinclair wa mjini Cambridge. Mapema mwaka 1980 aliuza ZX80 kwa bei isiyofika paundi 100. Na mwezi wa Machi 1981 ikafuata ZX81, paundi 69.95 ikiwa kamili, au paundi 49.95 kwa mtu aliye tayari kuiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1, ndiyo kusema nafasi ya herufi 1,024. Aya hii isomwayo sasa isingeenea ndani yake. Mwezi wa Desemba mwaka huo kampuni ya Acorn, nayo ya Cambridge, ilitoa BBC Micro, mashine iliyochaguliwa na shirika la utangazaji la BBC iandamane na mafundisho yake ya televisheni yaliyoanza Januari 1982, na ambayo iliingia katika shule nyingi za nchi ile. Tarehe 23 Aprili 1982 Sinclair alionyesha ZX Spectrum, paundi 125 yenye kilobaiti 16 na paundi 175 yenye kilobaiti 48. Mwaka huo huo Commodore 64 ilianza kuuzwa Marekani, ikavuka bahari. BBC Micro ziliuzwa zaidi ya milioni moja, na Spectrum za namna zote karibu milioni tano. Fahari hiyo haikukaa. Acorn iliangukia mikononi mwa Olivetti mwaka 1985, na mwezi wa Aprili 1986 Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad kwa paundi milioni 5. Mashine zikapanda darini pamoja na baiskeli za watoto na masanduku ya nguo, zikakaa huko mpaka watoto wenyewe walipokuwa watu wazima na kuzikumbuka.

Sasa nirudi kwenye makosa, maana ndiyo yaliyonivuta. Katika ZX81 za kwanza mlikuwa na kosa la hesabu. Mtu akiiuliza kipeuo cha pili cha 0.25, jawabu ambalo kila mwanafunzi mzuri hujua kuwa ni 0.5, mashine ilijibu 1.3591409. Kosa hili lilikuwa limeandikwa katika kumbukumbu yake ya kudumu, ile isomwayo tu na isiyofutika, kwa hiyo halikuweza kusahihishwa kwa maneno. Ilibidi kitu chenyewe kibadilishwe, na nuskha za baadaye za kumbukumbu hiyo zilitoka zimesahihishwa. Leo mkusanyaji apatapo ZX81 asiyoijua asili yake huiuliza swali hilo moja, na kwa jawabu lake hutambua kama yu mbele ya nuskha ya awali au ya baadaye. Mhakiki wa tenzi angetamani kupewa kipimo chepesi namna hiyo.

Spectrum za toleo la kwanza zina kiraka cha namna nyingine. Ndani yake mna chipu kubwa iitwayo ULA, iliyotengenezwa na Ferranti kwa mchoro wa Sinclair, nayo hubeba kazi nyingi ambazo kwa kawaida zingehitaji chipu kadhaa. Ilitoka na kasoro. Kuingoja iliyosahihishwa kungalichelewesha biashara. Basi mafundi wakabandika juu ya ubao kichipu kidogo kilichogeuzwa miguu juu, nyaya zikienda huku na huku, kikaziba kasoro hiyo. Wakusanyaji hukiita mende mfu, na atakayekiona hatauliza sababu. Tena katika Spectrum nyingi za kilobaiti 48 ile kumbukumbu ya ziada ilipatikana kwa werevu wa mwenye duka: zilinunuliwa kwa bei nafuu chipu ambazo nusu yake moja ilikuwa mbovu, na kwenye ubao pakawekwa waya ya kuchagua nusu ipi itumike, ya juu au ya chini. Fundi abadilishaye moja ya chipu hizi hana budi kujua ile iliyotoka ilikuwa nzima upande gani.

Kisa kiwafaacho zaidi wanalugha kilitokea Hispania. Mwaka 1985 serikali ya nchi hiyo ilizitoza kodi kompyuta zenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 au pungufu ambazo hazikuwa na herufi za Kihispania, kama ñ. Shabaha ilikuwa kuihifadhi lugha. Wauzaji wa mashine za Amstrad wakatafuta upenyo: wakachukua mashine ya kilobaiti 64, wakaitia chipu nyingine ya kilobaiti 8, wakaiita CPC472, maana 64 na 8 ni 72, na 72 imepita mpaka wa kodi. Chipu ile mashine haikuweza kuitumia hata kidogo. Ilikuwapo kwa ajili ya macho ya forodha tu. Mtu asiyeijua habari hii akifungua mashine hiyo leo ataona kipande kisicho na kazi, na huenda akakitoa kwa nia njema ya kuupa ubao nafasi. Hapo atakuwa amefuta, kwa dakika mbili, ushahidi wa vita vya lugha na biashara ambao hauonekani waziwazi namna ile katika karatasi zozote.

Huu ndio ugumu wa kazi ninayoieleza. Kiraka, kosa, hila na chipu bure ndivyo vitu visemavyo habari za mashine. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo fundi mwema, kwa silika ya ufundi wake, hutaka kuviondoa.

Wala hatuwezi kumwambia fundi asiguse. Mashine hizi zina maradhi, na mengine hayangoji. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza na kusawazisha umeme, vina maji ndani yake ambayo hukauka au kuvuja kwa miaka. Katika BBC Micro mna kapasita za karatasi kwenye njia ya umeme wa nyumba. Ganda lake hupasuka, unyevu ukaingia, na siku mtu aiwashapo mashine baada ya miaka thelathini ya kulala, chumba hujaa moshi wenye harufu asiyoisahau. Commodore 64 hupewa umeme na kisanduku cha nje kilichojazwa utomvu mgumu, na kisanduku hicho kizeekapo huweza kupandisha umeme kupita volti 5 zitakiwazo, kikaua chipu za kumbukumbu pasipo dalili yoyote. Katika Spectrum, chipu za kumbukumbu ya chini hutaka umeme wa namna tatu, volti 5, volti 12, na volti 5 zilizo kinyume. Hiyo ya mwisho ikikatika peke yake, chipu zote nane zimo hatarini. Karatasi ya plastiki iliyo chini ya vibonyezo vya mpira hukauka ikavunjika kama jani la kiangazi. Lakini adui mkuu ni betri. Mashine za mwisho za zama hizi, kama vile Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 na baadhi ya zile za Acorn ziitwazo Archimedes, ziliwekewa betri ndogo ya kuendesha saa, ikalehemiwa ubaoni. Betri hiyo huvuja, na maji yake hutambaa yakila njia za shaba mpaka hapasomeki tena kitu. Mashine iliyohifadhiwa katika sanduku lake, haikuguswa na mkono wa mtu, yaweza kukutwa imeoza kwa ndani. Na ile iliyofunguliwa na mtoto mtundu akaing'oa betri yake, ikapona.

Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wale wasemao kuwa mkusanyaji mwaminifu ni yule asiyebadili kitu. Kutogusa nako ni tendo, tena katika jambo la betri ni tendo la kuharibu. Nawaunga mkono wale, ambao nafurahi kuona wanaongezeka, walio na desturi tatu: hupiga picha ubao kabla ya kuugusa, huandika kila walichobadili na tarehe yake, na kile walichokitoa hukitia katika bahasha, wakaiweka bahasha ndani ya sanduku la mashine. Ndivyo atendavyo mhakiki wa matini aliye mwungwana: husahihisha katika maandishi yake, na neno la nuskha huliweka chini ya ukurasa ili mwingine aweze kumpinga.

Kuna tendo moja nisiloweza kulitetea, ingawa wengi hulipenda. Plastiki ya mashine hizi, hasa zile zilizokuwa na rangi ya maziwa au ya kijivu, hugeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na yasemwa kuwa sababu moja ni bromini iliyotiwa ndani yake ili isishike moto. Tokea mwaka 2008 watu wamejua kuwa dawa ya haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa jua huirudisha rangi ya awali. Matokeo ni mazuri kwa kuangalia. Lakini manjano haikuizuia mashine kufanya kazi, wala weupe hautaiponya. Na mara nyingine manjano hurudi. Alama ya jua iliyobaki juu ya ganda hueleza mashine ilikaa upande gani wa dirisha, na kivuli cheupe cha kijitabu kilicholala juu yake kwa miaka mingi hueleza kuwa kulikuwa na kijitabu. Mimi ningeviacha.

Programu zenyewe zina matatizo yale yale, na pengine humo wanafilolojia watajiona wako nyumbani zaidi. Mwaka 1983 kijana Matthew Smith alitunga mchezo wa Spectrum uitwao Manic Miner, juu ya mchimba madini apitaye katika mapango. Ulitolewa na Bug-Byte. Kisha mtungaji akauchukua akautoa tena kwa kampuni ya Software Projects. Matoleo hayo mawili hufanana sana, lakini hutofautiana katika maneno ya siri yamwezeshayo mchezaji kuruka mapango: katika toleo la kwanza ni tarakimu 6031769, na katika la pili ni neno la Kiingereza lenye maana ya taipureta. Mwaka uliofuata alitunga Jet Set Willy, na humo mlikuwa na kosa lililofanya vyumba kadhaa visipitike baada ya mchezaji kuingia darini. Wachapishaji walidai kwanza kuwa jambo hilo lilikusudiwa ili kuutia mchezo ugumu. Baadaye walikiri, wakatangaza masahihisho ambayo mtu aliweza kuyaandika mwenyewe kabla ya kuanza. Tazama basi hali ilivyo: matini ya mtungaji haimaliziki, na matini imalizikayo si ya mtungaji peke yake. Tuhifadhi ipi? Wakusanyaji wamejibu kwa kuhifadhi zote mbili na kuzipa majina tofauti, nami sioni jawabu lililo bora.

Kazi ya sherehe pia wamekuwa nayo mapema. Mwaka 1983, Spectrum ikiwa bado mpya madukani, Ian Logan na Frank O'Hara walichapisha kitabu kilichoifungua kumbukumbu yake ya kudumu amri kwa amri, baiti zote 16,384, kila moja na maelezo yake, na makosa ya wenye kuitunga yakitajwa kwa adabu mahali pake. Mwaka 2010 Chris Smith alichapisha kitabu juu ya ile chipu ya ULA, baada ya chipu yenyewe kufunuliwa na kupigwa picha ili michoro yake isomwe. Mashine iliyouzwa kama kichezeo imepata wafasiri ambao tenzi zetu nyingi bado zinawangoja.

Asemaye kuwa haya yote ni kazi bure, kwa kuwa kitu kikiwekwa vizuri katika nyumba kubwa ya serikali kitakaa chenyewe, na asikilize habari ya Domesday. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme William, nchi ya Uingereza iliandikwa, mashamba yake na watu wake, na kitabu hicho, cha Kilatini juu ya ngozi, kingali kikisomeka. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900, BBC na wenziwe walitengeneza Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walipeleka maandishi na picha za vijiji vyao. Yote yakatiwa katika santuri mbili kubwa zisomwazo kwa mwali wa leza, kwa chombo cha Philips kilichounganishwa na kompyuta ya Acorn ya ukoo wa BBC Micro. Chombo hicho kilikuwa ghali na wachache tu walikinunua. Haikupita miaka ishirini, santuri zikawa nzima na wasomaji wake wakawa hawapo, maana mashine zilizobaki hai zilihesabika. Mwaka 2002 watu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kuwa yaliyomo yaweza kusomwa kwa kompyuta mpya iliyofundishwa kuiga ile ya zamani. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu yake kwenye intaneti. Mwaka 2018 ukurasa huo nao ukafungwa, ukabaki katika makavazi. Baadaye wapenzi wa mashine hizi, kwa fedha zao wenyewe, walitengeneza chombo cha kunakili mawimbi ya santuri kama yatokavyo kwenye leza, kabla hayajafasiriwa na chombo chochote. Naona fikra hiyo ni ya kina sana: hifadhi kwanza sauti, ndipo ufasiri.

Hiyo njia ya kuiga yataka maelezo. Ni programu iifanyayo kompyuta ya leo ijifanye Spectrum au BBC Micro, ikasoma programu za zamani kana kwamba ni zile. Tokea mwanzo wa miaka ya 1990 zimekuwapo nyingi, na mwaka 1999 Amstrad, waliokuwa na haki ya kumbukumbu ya kudumu ya Spectrum, waliruhusu isambazwe bure kwa ajili hiyo. Bila ya ruhusa kama hiyo mhifadhi hukaa kwenye ukingo wa wizi, na mashine nyingine mpaka leo ziko katika hali hiyo. Wako wasemao kuwa tukiisha kuwa na mwigo, mashine yenyewe ya nini? Jawabu ni kwamba mwigo huigwa kutoka kwa kitu, na likitokea shaka, hakuna hakimu ila kitu hicho. Wale watu wa Urusi na nchi jirani waliozinakili Spectrum bila ya ruhusa mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakuwa na ULA ya Ferranti; walijenga kazi yake kwa chipu za kawaida, na saa za mashine zao hazikwenda sawa kabisa na za Cambridge. Programu zilizotungwa huko hutegemea mwendo wa huko. Mwigo wa Spectrum ya Cambridge huzisoma kama Mmvita asomavyo Kiamu: maana hupatikana, mizani huyumba.

Nimetaja lahaja, na siwezi kuacha jambo hili lipite. BASIC ilikuwa na lahaja kwa idadi ya watengenezaji, na programu ya mashine moja haikueleweka kwa nyingine. Shirika la NOS la Uholanzi, lililokuwa likitangaza programu kwa redio katika kipindi cha Hobbyscoop, nazo zikinaswa kwa kaseti majumbani kama mluzi mkali, lilichoshwa na kutangaza programu ile ile mara nyingi kwa mashine mbalimbali. Likatumia lugha sanifu iliyoitwa BASICODE, yenye amri zile tu zilizoeleweka kwa wote, na kila mashine ikapewa mkalimani wake. Wasomaji wanaoikumbuka historia ya kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili watatabasamu. Uzuri wa kila lahaja, yaani rangi, sauti na michoro, ulibaki nje ya mlango wa usanifu mwanzoni. Na sehemu yake ikaja kuingizwa baadaye.

Kwa upande wa furaha, sitaki kujifanya kuwa watu hawa hukesha kwa ajili ya elimu tu. Hukesha kwa sababu wanapenda. Programu ya kilobaiti 48 huchukua yapata dakika tano kuingia kutoka kwenye kaseti, na muda wote huo kaseti hulia na kingo za televisheni hupigwa mistari ya rangi. Mtu mzima mwenye shughuli zake hukaa akaitazama mistari hiyo, hali simu iliyo mfukoni mwake ingeweza kumpa mchezo ule ule kwa nukta moja. Nimewauliza wawili watatu sababu. Mmoja alisema kuwa kungoja ni sehemu ya mchezo. Mwingine alisema kuwa kibodi ile humlazimisha kuyakumbuka maneno: katika Spectrum hakuna kuandika amri herufi kwa herufi; mtu hubonyeza P na neno zima PRINT hujitokeza, likahifadhiwa ndani kwa namba moja, 245. Vidole vyake, alisema, vinaijua sarufi kuliko yeye.

Huku kwetu madari ya namna hiyo ni machache. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali ilikataza kuingizwa kwa kompyuta nchini. Katazo hilo lilikuja kulegezwa, lakini pamoja na bei na uhaba wa fedha za kigeni lilitosha kuzifanya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 kuwa kitu cha kusikia kwa watu wengi. Walakini chombo kimoja katika habari hii tulikuwa nacho, tena tele, nacho ni kaseti. Kaseti ile ile iliyobeba programu za Spectrum ndiyo iliyobeba, katika miaka ile ile, sauti za wazee wakisimulia ngano, nyimbo za harusi, na mahojiano ya lahaja yaliyorekodiwa na watafiti vijijini. Utepe wake huzeeka kwa namna moja: sumaku hufifia, unga wa juu hubanduka, na vichwa vya kinasa sauti vikikaa kombo sauti hupotea.

Wenye kuokoa kaseti za programu wana msaada ambao sisi hatunao. Kila fungu la programu ya Spectrum lilimalizika kwa baiti moja iliyopatikana kwa kuzijumlisha baiti zote zilizotangulia kwa kanuni maalumu; isipokubaliana, mashine hukataa na kusema kuwa pana kosa. Kaseti ya bibi asimuliaye haina baiti hiyo. Lakini taratibu zao zilizosalia zaweza kutumika kama zilivyo: kunyosha kichwa cha kinasa sauti kwa kila utepe peke yake mpaka sauti kali zisikike vizuri, kunakili mawimbi yote kwanza bila ya kuyasafisha, kunakili mara mbili, kwa vinasa sauti viwili mbalimbali, kuyalinganisha mawimbi hayo mahali yanapohitilafiana, na kuandika juu ya bahasha siku, chombo, na jina la mtu aliyefanya kazi hiyo.